Njia Tatu Zinaelekea Wapi?

Mama mdogo alinipigia simu Jumamosi moja asubuhi, nikiwa bado sijatia kitu tumboni. Akaipokea shikamoo yangu harakaharaka, akaingia kwenye shida yake.

"Wewe si ndiye mtu wa maneno? Hebu niambie: umeme wa njia tatu, hizo njia zinaelekea wapi?"

Ana duka la nafaka Mbagala Rangi Tatu, fremu mbili zinazotazama barabara. Miaka yote amekuwa akiuza mahindi, halafu wateja wanavuka upande wa pili kwenda kuyasagisha kwa mtu mwingine. Safari hii ameamua hela hiyo isivuke barabara. Amepata mashine ya kusaga, mota yake ya hosipawa 20. Aliyemuuzia akamwambia mashine hiyo inataka "umeme mkubwa". Fundi wa kwanza aliyemwita akasema inataka "thrii fezi". Karatasi ya maombi ikasema "njia tatu". Mjukuu wake wa sekondari, mwenye kitabu mkononi, akawasahihisha wote: jina lake ni "awamu tatu". Mashine moja, majina manne, na hakuna hata moja lililomweleza bibi wa watu anakwenda kulipia nini.

Nikamjibu kama tunavyojibu sisi watu wa maneno tunapokuwa hatulijui jambo: nilimweleza neno lilikotoka. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa, lakini mbona kwenye nguzo nimehesabu nyaya nne?"

Alikuwa amehesabu sawasawa. Laini ya fezi tatu ina nyaya tatu zenye moto na ya nne iitwayo nyutro, na penye taa za barabarani huweza kuwepo ya tano. Ule umeme wa njia moja aliokuwa nao huingia kwa nyaya mbili. Kwa hiyo mwenye kuhesabu kwa macho, njia moja ni mbili na njia tatu ni nne. Neno "njia" lina sauti nzuri na linaeleweka haraka, lakini linasimulia waya, halisimulii umeme. Tena linampa mteja picha ya barabara iliyopanuliwa, kana kwamba umeme uleule sasa utapita kwa wingi zaidi. Baadaye ataona soketi zake za kawaida zinatoa volti 230 zilezile za jana, aanze kudhani amepunjwa.

"Awamu" nayo tumeizoea Ikulu. Rais wa awamu ya nne, wa awamu ya tano. Mtu akisikia umeme wa awamu tatu ana haki ya kuuliza kwa nini uliishia kwa Rais Mkapa. Mama mdogo yeye alielewa kwamba ni umeme unaolipiwa kwa awamu tatu, na kwa siku mbili alifurahi sana.

Lililobaki ni "fezi", ambalo limekuja kwa Kiingereza kutoka Kigiriki, na asili yake ni kuonekana, hasa kuonekana kwa mwezi katika sura zake. Hapa nilisimama, maana sisi pia tuna neno la kuonekana kwa mwezi. Mwezi huandama. Na kuandama huku, kwa bahati ya ajabu, ndiko pia kufuata, kuwa nyuma ya mwenzio hatua kwa hatua. Neno moja limebeba mwezi na mfuatano, na fezi tatu kazi yake yote ni kufuatana. Kama mtu angekaa chini akatafsiri kwa mizizi, leo tungekuwa na umeme wa miandamo mitatu. Sina hakika ombi la kuunganishiwa umeme wa kuandamana lingepokelewaje ofisini, ila kama neno, ni zuri.

Wiki iliyofuata nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta ameketi nje ya fremu anapepeta mchele, na mbele ya ungo ule ndipo nilipopata jibu, nikajilaumu kwa kulikosa siku zote. Nikamuuliza kama anakumbuka kutwanga kwa kupokezana. Akanitazama kama niliyemtukana. Nani asiyekumbuka?

Mtu akitwanga peke yake, mchi unashuka, unapanda, na wakati unapanda kinu kinapumzika. Huo ndio umeme wa fezi moja. Umeme tunaotumia hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na kila mzunguko una nukta mbili ambapo nguvu inafika sifuri. Balbu na pasi haziioni nafasi hiyo, lakini mota huijua. Sasa weka wanawake watatu kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake. Wa kwanza anashusha, wa pili yuko katikati, wa tatu ndiyo kwanza anainua. Hawagongani, kwa sababu kila mmoja yuko nyuma ya mwenzake kwa theluthi moja ya mzunguko. Kinu hakipumziki hata kidogo. Jumla ya nguvu inayoingia haipandi wala haishuki. Imetulia, ingawa kila mchi kwa upande wake haujatulia.

Kuna na jambo jingine ambalo kila mwenye feni ya darini analijua bila kulijua. Kapasita ikifa, feni huguna tu, hadi mtu achukue fimbo ya ufagio alisukume panga moja, ndipo izunguke. Mchi mmoja unaweza kuendeleza mwendo lakini haujui uanzie upande gani. Kapasita ni ujanja wa kuigiza mchi wa pili. Mota ya fezi tatu haihitaji fimbo. Mapigo yanayopokezana huzunguka yenyewe na kuikokota.

Wajerumani walilitazama jambo hilohilo wakaliita *Drehstrom*, yaani mkondo wa kuzunguka. Ni wao walioonyesha dunia, mwaka 1891, kwamba umeme wa namna hii unaweza kusafirishwa mbali: kutoka Lauffen hadi Frankfurt, kilomita 175, kazi ambayo Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alikuwa na mkono mkubwa ndani yake. Na ni haohao Wajerumani walioleta umeme wa kwanza wa umma Dar es Salaam mwaka 1908, kwenye karakana ya reli. Walituachia "shule" na "hela". Jina la mkondo wa kuzunguka waliondoka nalo.

Ninachokipenda katika jina lao ni kwamba limejengwa juu ya kitenzi. Na kadiri nilivyokaa na mafundi wa mama mdogo, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba tumekuwa tukitafuta Kiswahili cha umeme mahali pasipo pake. Nomino za kazi hiyo karibu zote zimekopwa: swichi, soketi, fyuzi, mita, transfoma, breka, kebo, kontakta. Mtetezi wa lugha akizisikia anashika kichwa. Lakini sikiliza vitenzi. Umeme huvutwa kutoka nguzoni, kama kamba. Mita hufungwa. Taa huwashwa na kuzimwa, kama koroboi. Umeme hukatika, huvuja, hupanda, hushuka, hurudi. Pasi huchomekwa na kuchomolewa. Kule Nairobi wanasema stima imepotea, kama mbuzi, na ikirudi inapokelewa kwa shangwe za mbuzi aliyepatikana. Stima yenyewe ni jina la mvuke na la meli zake. Lilihama kutoka baharini likaingia kwenye waya. Kamba, moto, maji, mfugo: vitenzi ni vya nyumbani vyote, isipokuwa "kutripu", na hata hicho fundi wa makamo anasema tu kwamba breka imejikata.

Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa mwaka 1967, na tangu 1974 vijitabu vya Tafsiri Sanifu vimefanya kazi kubwa ambayo sina nia ya kuibeza. Bila hivyo mjukuu wa mama mdogo asingekuwa na la kusahihisha. Lakini orodha za istilahi, kwa kiasi kikubwa, ni orodha za nomino. Hakuna anayekaa kikaoni kuamua waya unapochemka unafanya nini.

Waya unapochemka, umezidiwa. Hilo nililisikia siku ya mkasa. Fundi wa kwanza, mmoja wa wale ambao mtaani huitwa vishoka, hakutaka kusubiri maombi yajibiwe. Alimshawishi mama mdogo afunge kwanza mashine ndogo ya kukoboa, ya hosipawa 3, fezi moja, kwenye waya wa milimita za mraba 2.5 uliokuwa tayari unalisha friji, taa na cherehani ya mpangaji. Mashine ilipowashwa, taa zikawa nyekundu kama makaa, friji ikanyamaza, na mashine ikaguna bila kuchanganya. "Umeme wa huku mdogo," akasema kishoka, akafungasha bisibisi zake.

Fundi wa pili, mwenye leseni, alikuja na kipimo. Alipima pale mita ilipo, akapima mwisho wa waya mashine ikiwa imewashwa, akagusa ukuta mahali waya ulipopita. Ulikuwa wa moto. "Mama," akasema, "umeme si mdogo. Waya ndio mwembamba. Umezidiwa."

Tofauti ya sentensi hizo mbili ni fedha. "Umeme mdogo" tunalitumia kwa mambo mawili yasiyofanana: volti zinapofika zikiwa pungufu kutoka nje, na waya wa ndani unaposhindwa kubeba mzigo. La kwanza ni la shirika la umeme kurekebisha. La pili ni la mwenye nyumba. Mteja asiye na neno la kuyatenga atapanga foleni kulalamikia transfoma wakati tatizo liko nyuma ya kabati lake. Ila "kuzidiwa" halikosei. Mgonjwa huzidiwa, punda huzidiwa, transfoma huzidiwa, na katika yote maana ni ileile: uzima upo, mzigo umepita kiasi. "Kubeba" na "mzigo" vinakamilisha. Waya huu haubebi. Punguza mzigo. Gawanya mizigo kwenye fezi zote. Hebu nionyeshe lugha yenye istilahi safi kuliko hiyo.

Ndipo fundi akamwandikia hesabu nyuma ya bahasha ya mbegu. Hosipawa 20 ni takribani kilowati 15. Mota ya ukubwa huo ukiilazimisha kwenye fezi moja, ingevuta ampea zaidi ya 80. Kwenye fezi tatu, zenye volti 400 kati ya fezi na fezi, kila waya hubeba takribani ampea 28. Kazi ileile, lakini mzigo umegawanywa kwa mabega matatu. Mama mdogo aliitazama bahasha muda mrefu. Kumbe umeme mkubwa unataka waya mdogo, akasema. Sijasikia muhtasari bora wa somo hilo.

Nitajizuia nisipotelee kwenye vipimo, ingawa navipenda. Volti, ampea na wati ni majina ya watu, Volta Mtaliano, Ampère Mfaransa na Watt Mskoti, yaliyosuguliwa na matumizi hadi yakapoteza herufi kubwa. Huyo Watt ndiye aliyetuletea hosipawa: alitaka kuwauzia watu injini za mvuke, akazilinganisha na farasi wazungushao vinu. Pwani yetu vinu vya mafuta ya ufuta vilizungushwa na ngamia. Angezaliwa Lamu, mota ya mama mdogo ingepimwa kwa ngamia, na ingekuwa na idadi nyingine.

Lakini neno "umeme" lenyewe siwezi kulipita. Katika kamusi za karne ya 19, ya Krapf ikiwemo, umeme ni ule wa mawinguni, mmweko unaotangulia ngurumo. Waarabu walifuata njia nyingine: wanauita *kahraba*, kutoka Kiajemi, yaani mnyang'anya majani, jina la ile kaharabu ambayo ukiisugua huvuta vipande vya majani makavu. Wazungu nao walianzia kwenye kaharabu hiyohiyo kwa jina lake la Kigiriki. Neno kaharabu tulikuwa nalo, la shanga na tasbihi, na ndugu zetu wa Muscat hulisikia kila siku kwa maana ya umeme. Sisi tukaiacha shangani, tukamshusha wa mawinguni. Wenzetu walimtambua huyu mgeni kwa hila yake ndogo ya kuiba majani. Sisi tulimtambua kwa hatari. Na aliposhuka akaingia ndani ya nyumba, kule juu aliacha nafasi wazi. Leo anayeua ng'ombe malishoni tunamwita radi, na ukisema fulani amepigwa na umeme watu wanauliza ni waya gani. Uganda neno letu hilohilo liligeuka jina la kampuni iliyosambaza umeme kwa miaka 20, kuanzia 2005.

Maombi yalijibiwa. Akaja mpimaji, akatazama nguzo, akahakikisha laini ya nyaya nne inapita mbele ya duka na kwamba transfoma ya mtaa bado ina nafasi. Kisha ikaja kazi ya ndani, na hapo rangi zikaanza kusema. Mafundi wetu wa zamani walijifunza kwa rangi za Kiingereza: nyekundu, njano na buluu kwa fezi, nyeusi kwa nyutro. Hata majina ya fezi wanayaita kwa rangi hizo. Mbagala Rangi Tatu, nikamwambia mama mdogo, naye akacheka hadi ungo ukamponyoka. Lakini Uingereza ilibadili rangi zake kati ya 2004 na 2006 ili zilingane na za Ulaya: sasa fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na buluu ndiyo nyutro. Yaani nyeusi, iliyokuwa waya mpole, imekuwa waya wa moto, na buluu imekwenda kinyume. Neno likibadili maana mnaelewana vibaya, mnacheka. Rangi ikibadili maana bila fundi kujua, kuna mtu hatacheka. Fundi wa pili haamini rangi yoyote. Alipima kila waya kabla ya kuugusa, akaufunga utepe wake mwenyewe.

Siku ya ethi ndiyo iliyonifundisha zaidi. Fundi aliomba chumvi ya mawe, kilo kadhaa, na debe la mkaa. Mama mdogo akanivuta pembeni. "Chumvi na mkaa vya nini? Huyu ni fundi au ni nani?" Akasimama mlangoni akiangalia shimo likichimbwa nyuma ya fremu, fimbo ya shaba ikigongelewa chini, mkaa ukimwagwa, kisha chumvi, kisha udongo, kisha ndoo ya maji. Fundi akaeleza huku akifukia: umeme ukitoroka ukashika bodi la mashine, upate njia ya kwenda ardhini upesi, breka ijikate, usimsubiri mtu aje kuugusa. Chumvi husaidia udongo kupitisha umeme na mkaa hushika unyevu, ingawa chumvi hiyo nayo huila shaba polepole, na itabidi kupima tena baada ya muda.

"Basi sema zindiko," akasema mama mdogo. "Unaizindika nyumba."

Fundi alitaka kubisha, akakosa pa kuanzia. Kitu kinachofukiwa kwenye kiwanja, kisichoonekana, kisichofanya lolote siku za heri, kinachongoja shari ije ili kiipokee badala ya wenye nyumba. Nimetafuta tafsiri ya ethi kwa miaka, nikapita "waya wa ardhini" na mengine ya namna hiyo, na yote yanataja mahali waya ulipo. Neno la mama mdogo linataja kazi. Tangu siku hiyo fundi yule, nimemsikia kwa masikio yangu, humuuliza mteja mpya: "Zindiko lipo?"

Mashine iliwashwa Alhamisi. Mota ya hosipawa 20 haiwashwi kwa pupa. Ikipewa umeme wote kwa mkupuo huvuta mara sita au saba ya ampea zake za kawaida, taa za mtaa mzima zikakonyeza. Kwa hiyo huanzishwa kwa muunganiko uitwao nyota, "sta" kwa Kiingereza cha mafundi, kisha ikishachanganya hupelekwa kwenye ule uitwao delta, na mafundi wameyaunganisha maneno hayo kuwa moja, "stadelta", kama jina la mtoto wa kike. Ilianza kwa sauti nzito, ikapanda taratibu, kontakta ikapiga *tak*, na sauti ikakaa juu, imenyooka, haina pumzi katikati. Mama mdogo aliinamisha kichwa akisikiliza kama mtu anayesikiliza michi ya jirani kujua wangapi wanatwanga.

Mwezi uliofuata akanipigia tena, safari hii usiku. Mashine ilikuwa imebadili sauti ghafla, inanguruma chinichini, na bodi limeanza kuchemka. Fundi alikuwa njiani. Nilitaka kumwambia kwamba hapo fezi moja imekufa, lakini alinitangulia.

"Mmoja kaacha kutwanga," akasema. "Nimeizima kabla wale wawili hawajaumia."